Kipindi cha 17: Dawa Iliyowaokoa Mabinti, na Mioyo Yao Leo

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu kidogo. Leo nina hadithi ndefu ya historia. Inaanzia mbali, katika mji wa Naples nchini Italia, na inaishia kwenye chupa ndogo ya vidonge ambayo baadhi ya akina mama huku kwetu wameiweka kabatini.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilizungumza na kikundi cha akina mama juu ya presha na ugonjwa wa moyo. Niliwaambia wapunguze chumvi, wapunguze mafuta, na watembee kwa miguu. Yote hayo ni maneno mazuri. Lakini kati yao alikuwepo mama mwenye binti wa miaka kumi na miwili aliyezaliwa na ugonjwa wa tezi za adrenali. Binti huyo alikuwa ameanza kunenepa, na uso wake ulikuwa umekuwa wa mviringo. Jirani alikuwa amemwambia mama kwamba vidonge vile vinanenepesha na vitamharibia moyo. Mama alirudi nyumbani akafanya mambo mawili: akamwondolea mtoto chumvi, na akaanza kukata kidonge nusu.

Wiki chache baadaye mtoto alishikwa na malaria. Akatapika usiku kucha. Kufika asubuhi alikuwa amelegea, mikono baridi, haitiki akiitwa. Alipofikishwa hospitali aliwekewa maji ya mshipa, akadungwa sindano ya haidrokotizoni, na Mungu akasaidia, akaamka. Mama yake aliponiona aliniuliza, "Sista, si wewe ulisema chumvi ni mbaya kwa moyo?" Sikuwa na jibu siku ile. Kipindi cha leo ndicho jibu langu kwake.

Kwanza tuelewane juu ya tezi hizi. Juu ya kila figo pana tezi ndogo kama kofia. Hizo ndizo tezi za adrenali. Kazi yake ni kutengeneza homoni. Moja ni kortisoli, ambayo huusaidia mwili kustahimili homa, majeraha na njaa. Nyingine ni aldosteroni, inayouzuia mwili kupoteza chumvi kwenye mkojo. Tezi hizo pia hutengeneza homoni za kiume kiasi, hata kwa wanawake.

Katika ugonjwa tunaouzungumzia, mtoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachohitajika ili kortisoli itengenezwe. Ubongo ukiona kortisoli haitoshi, huziamuru tezi zifanye kazi zaidi na zaidi. Tezi huvimba kwa kazi nyingi, lakini kwa sababu njia moja imeziba, mali ghafi yote huelekea upande wa homoni za kiume. Kwenye faili ya hospitali utaona herufi CAH. Katika nchi nyingi zilizopima, hupatikana mtoto mmoja kati ya watoto 10,000 hadi 20,000 hivi. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba na mama wote wawili hubeba jeni yenye kasoro bila wao kuugua, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Sasa twende Naples. Mwaka wa 1865 daktari aliyeitwa Luigi De Crecchio aliandika habari za maiti aliyoichunguza. Ilikuwa ya mtu aliyejulikana mjini kama mwanamume, Giuseppe Marzo. Alikuwa na ndevu, na aliishi maisha yake yote ya utu uzima kama mwanamume. Lakini De Crecchio alipopasua tumbo alikuta kizazi na ovari, na juu ya figo akakuta tezi kubwa kuliko kawaida. Alipowauliza watu waliomfahamu, walimweleza kwamba alipozaliwa alihesabiwa msichana, kisha alipokuwa mtoto mdogo daktari mmoja akasema ni mvulana. Alikufa akiwa amedhoofika, akitapika na kuharisha. Leo tukisoma maelezo hayo tunatambua mara moja kwamba huyu alikuwa mwanamke mwenye CAH, na kwamba yaelekea aliuawa na kukosa kortisoli. Siku zile hakuna aliyejua.

Miaka sabini na mitano ilipita. Mwaka wa 1940 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, waliandika habari za mvulana wa miaka mitatu na nusu. Mmoja wao alikuwa Lawson Wilkins, ambaye baadaye aliitwa baba wa elimu ya homoni za watoto. Mvulana huyo alipelekwa hospitali kwa sababu mwili wake ulikuwa umeanza kukomaa kabla ya wakati. Akawekwa wodini, akapewa chakula cha kawaida cha hospitali. Baada ya siku saba akafa.

Baadaye wazazi wake waliwaandikia madaktari barua. Walieleza kwamba tangu akiwa na mwaka mmoja hivi, mtoto alikuwa akiramba chumvi iliyo juu ya biskuti, kisha anaomba nyingine. Neno "chumvi" lilikuwa kati ya maneno ya kwanza aliyojifunza kusema. Alikuwa akila chumvi kwa kijiko. Mama, sikia jambo hili vizuri. Mtoto yule alikuwa akijitibu mwenyewe. Mwili wake ulikuwa unapoteza chumvi, naye akairudisha kila siku kwa mkono wake. Nyumbani wazazi walimwachia, akaishi. Hospitalini hakuna aliyeuliza, akafa. Madaktari wa leo wakisoma maelezo yake huona dalili za CAH ya aina inayopoteza chumvi.

Kila ninapoikumbuka hadithi hiyo namkumbuka yule mama wa kikundi chetu. Sheria nzuri kwa watu wengi inaweza kuwa sumu kwa mtoto mmoja. Na mtu anayemjua mtoto huyo vizuri zaidi ni yule anayemlisha.

Tuendelee. Mwezi wa Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo kule Rochester, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mmoja dawa mpya iitwayo kotizoni. Mwanamke huyo alikuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Dunia nzima ilishangaa. Mwaka wa 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa yenyewe ilikuwa adimu sana, kwa maana ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua nyingi.

Mwaka huo huo wa 1950, kule Baltimore, Wilkins aliijaribu kotizoni kwa msichana mwenye CAH. Kule Boston, Frederic Bartter na wenzake nao walikuwa wakifanya kazi kama hiyo. Wote waliona jambo moja. Mgonjwa akipewa kotizoni kutoka nje, ubongo hutulia na kuacha kuzisukuma tezi, na homoni za kiume hushuka. Wasichana waliokuwa wakiota ndevu wakaanza kupata matiti na hedhi. Katika miaka hiyo ya 1950 ikapatikana pia fludrokotizoni, dawa inayofanya kazi ya aldosteroni, na watoto wanaopoteza chumvi wakaanza kuishi.

Kabla ya hapo, wengi wa watoto hao walikuwa wakifa katika wiki za kwanza, na watu wakisema ni kuharisha tu. Kwa hiyo mtu akikuambia vidonge hivi ni sumu, mwambie kwamba kabla ya mwaka wa 1950 havikuwepo, na makaburi madogo yalikuwepo.

Lakini historia haikuishia kwenye furaha hiyo. Baada ya muda mfupi madaktari waligundua kwamba kotizoni ikizidi huleta mambo yake: uso wa mviringo, mafuta tumboni, sukari kupanda, presha kupanda, mifupa kudhoofika, na mtoto kuacha kurefuka. Wakati huo huo walijifunza kwamba CAH si moja. Katikati ya miaka ya 1950, Walter Eberlein na Alfred Bongiovanni wa Philadelphia walieleza aina ambayo kimeng'enya kinachokosekana ni kingine, na mgonjwa huwa na presha ya juu kutokana na ugonjwa wenyewe, hata kabla ya dawa yoyote. Mwaka wa 1966 Edward Biglieri na wenzake wa San Francisco wakaeleza aina nyingine tena, adimu zaidi, kwa mwanamke aliyekuwa na presha na ambaye hakuwahi kuvunja ungo. Kwa hiyo msichana mwenye presha na asiyepata hedhi asiambiwe tu kwamba ana mawazo mengi. Achunguzwe.

Mwaka wa 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ugonjwa huu unaweza kupimwa kwa matone ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga yaliyokaushwa kwenye karatasi. Mwaka wa 1984 jeni inayohusika na aina iliyo ya kawaida zaidi ilijulikana. Nchi nyingi sasa humpima kila mtoto anapozaliwa. Huku kwetu Kenya kipimo hicho bado si cha kawaida, na ndiyo sababu macho ya mama na ya mkunga yana kazi kubwa zaidi. Nitarudi hapo.

Sasa tufike kwenye moyo. Wale wasichana waliookolewa tangu miaka ya 1950 walikua. Wakaenda shule, wakaajiriwa, wengine wakaolewa na kuzaa. Kwa mara ya kwanza duniani kukawa na wanawake wa miaka arobaini, hamsini na sitini wenye CAH. Ndipo madaktari walipoanza kuuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kuuliza zamani: mioyo yao ikoje?

Mwaka wa 2010 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 203 wenye CAH, wanawake 138 na wanaume 65. Asilimia 41 walikuwa na unene wa kupindukia. Asilimia 46 walikuwa na kolesteroli ya juu. Asilimia 29 miili yao ilikuwa imeanza kukataa kuitii insulini, hali ambayo hufungulia kisukari mlango. Hayo yote ni mawe yanayojenga ugonjwa wa moyo.

Mwaka wa 2014 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Henrik Falhammar, walitoa hesabu ya wagonjwa 588 wakiwalinganisha na watu wa kawaida wa umri wao. Hatari ya kufa mapema ilikuwa zaidi ya mara mbili kwa wanaume wenye CAH, na mara tatu na nusu kwa wanawake. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba presha, mafuta mengi katika damu, unene na kuganda kwa damu kwenye mishipa vilionekana zaidi kwa wagonjwa hao.

Nakuomba mama usiogope, bali usikilize sababu za vifo hivyo. Waliokufa walikuwa 23 kati ya wale 588. Sababu ya kwanza, asilimia 42, ilikuwa mwili kuishiwa kortisoli ghafla, kama alivyoishiwa yule binti niliyemtaja. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalikuwa ya pili, asilimia 32.

Unaona mpangilio huo? Moyo ni hatari ya kweli, lakini kukosa dawa kunatangulia. Mama anayekata kidonge nusu ili auokoe moyo wa binti yake anamkimbiza kutoka hatari ya miaka mingi ijayo na kumtia katika hatari ya usiku wa leo. Na hata huo moyo haukoi. Dawa ikipungua kupita kiasi, homoni za kiume hupanda, hedhi huvurugika, ndevu huota, na hizo homoni kwa msichana zenyewe huufanya mwili uikatae insulini. Dawa ikizidi, mafuta na presha hupanda. Fludrokotizoni ikizidi, mwili hushika chumvi nyingi na presha hupanda pia. Njia ya salama iko katikati, nayo ni nyembamba. Huwezi kuipima kwa kutazama uso wa mtoto. Hupimwa kwa damu, kwa urefu, kwa uzito na kwa presha.

Kwa hiyo mama afanye nini? La kwanza, usipunguze wala kuacha dawa kwa uamuzi wako. Ukiona binti ananenepa, usimfiche jambo hilo daktari kwa aibu, wala usimlaumu mtoto kwamba anakula sana. Mpeleke, useme, "Nadhani kipimo cha dawa kiangaliwe." Mtoto anakua kila mwezi, na kipimo cha mwaka jana huenda si cha mwaka huu.

La pili, kila mnapokwenda kliniki, omba presha ipimwe. Wahudumu wengi hawampimi mtoto presha kwa kuwa wamezoea kuwapima watu wazima tu. Wewe omba kwa upole, na kama hawana mkanda mdogo unaotosha mkono wa mtoto, omba mwelekezwe penye nao. Akifika utu uzima, apimwe pia sukari na kolesteroli.

La tatu, chumvi. Mtoto mchanga wa aina inayopoteza chumvi mara nyingi huongezewa chumvi kwa maagizo ya daktari. Mkubwa naye asipunguziwe chumvi kwa sababu muuguzi fulani amesema redioni, hata kama muuguzi huyo ni mimi. Uliza kwanza.

La nne, chakula na mwendo. Hapa binti mwenye CAH ni kama sisi wote. Sukuma wiki, maharagwe, ndizi na matunda ni vyema. Soda, mandazi ya kila asubuhi na vyakula vya kukaangwa vipungue. Aruke kamba, acheze mpira, achote maji na wenzake. Asifungiwe ndani kama yai. Na atakapokuwa mkubwa, aepuke sigara kabisa.

La tano, siku ya homa. Akiwa na homa kali, akivunjika mfupa au akienda kupasuliwa, mwili huhitaji haidrokotizoni zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu ya kawaida, kama daktari wake alivyomwandikia. Akitapika dawa na haikai tumboni, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali na useme neno moja: "Anahitaji sindano ya haidrokotizoni." Andika maneno hayo kwenye karatasi, uyaweke pamoja na kitabu chake cha kliniki, na nakala moja ikae kwenye begi la shule. Mwalimu wake na shangazi yake wayajue.

La sita, asiiache kliniki akishamaliza shule. Wengi duniani hupotelea hapo. Kliniki ya watoto humaliza kazi yake, ya watu wazima haijampokea, na miaka kumi hupita bila kupimwa presha. Msindikize mwenyewe mpaka apate daktari mpya. Na siku akishika mimba, aseme mapema, maana anaweza kuzaa vizuri akiangaliwa.

Kwa wewe mwenye mtoto mchanga, nilisema nitarudi. Mtoto wa kike akizaliwa na sehemu za siri zisizoeleweka vizuri, msimfiche na msikimbilie kumpa jina na jinsia kabla hajachunguzwa. Mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huu mara nyingi haonyeshi chochote kwa nje. Mtoto yeyote ambaye kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anatapika, hanyonyi, haongezeki uzito na amelegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama aliwahi kuzaliwa mwingine nyumbani humo akafa kwa namna hiyo, mwambie daktari. Neno hilo moja linaweza kumwokoa huyu.

Utafiti unaendelea. Mwezi wa Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo crinecerfont. Hiyo hutuliza amri za ubongo kwa njia nyingine, hivyo mgonjwa anaweza kutumia kipimo kidogo zaidi cha dawa za jamii ya kotizoni. Haiondoi haidrokotizoni, inaisaidia. Kwa moyo, hiyo ni habari ya matumaini.

Yule binti bado yuko. Sasa amenipita kwa kimo. Mama yake humpima presha dukani kwa mkemia kila mwezi na kuandika kwenye daftari la shule, kisha huja nalo kliniki. Daktari amebadilisha kipimo cha dawa mara mbili kwa sababu ya daftari hilo. Na mimi siku hizi, kabla sijawaambia akina mama juu ya chumvi, huuliza kwanza: "Kuna mwenye mtoto anayetumia dawa za kila siku?"

Mambo ya kukumbuka kutoka kipindi hiki:

1. CAH ni ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali. Si laana.
2. Dawa yake ni ya maisha yote. Usiipunguze wala kuiacha bila daktari.
3. Wanawake wenye CAH wana hatari zaidi ya presha, unene, kisukari na ugonjwa wa moyo. Wapimwe kila mara, tangu utotoni.
4. Homa kali, kutapika au ajali ni dharura. Sindano ya haidrokotizoni huokoa maisha.
5. Uliza kabla ya kupunguza chumvi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi: Je, kuna dawa ambayo mmoja wetu aliiacha kwa kusikia maneno ya jirani? Nini kilitokea? Na mtoto wako akizidiwa ukiwa safarini, ni nani mwingine nyumbani anayejua la kufanya?